Pembe ya Toa-Moja

Mkiniletea mchoro wenye pembe isiyojulikana, sianzi kwa kuhesabu. Nauliza kwanza nani aliupima, na siku hiyo alisimama wapi. Ninyi vijana mnaosomea upimaji hulicheka swali hilo, kwa sababu katika vitabu vyenu hakuna mtu aliyesimama popote. Kuna mistari, kuna herufi, na katika kona moja kuna alama ya kuuliza. Mimi pia nilisoma hivyo. Matokeo yake ni kwamba hadi leo nikipita sokoni Uvira kununua ndagala, dagaa wa ziwani, wapo wazee wanaoniita Toa-Moja, na wajukuu wao wanadhani ni jina la ukoo.

Nilianza kazi katika ofisi ya upimaji muda mfupi baada ya uhuru wa Kongo. Nilikuwa na diploma, kalamu nne za risasi zilizochongwa ncha zote mbili, na hofu. Jeometre, yaani mpimaji mkuu, Mzungu, alikuwa ameondoka kwenda Usumbura ng'ambo ya mpaka asubuhi moja bila kukabidhi chochote isipokuwa kiti kinachozunguka. Nilikikalia wiki mbili kabla ya kuthubutu kukizungusha. Jioni nilifunga mlango wa ofisi, nikarudi kuusukuma nione kama umefungwa, kisha nikifika nyumbani Rugenge nilirudi tena. Msinicheke sana. Mpimaji asiyerudi kusukuma mlango ni hatari kuliko anayerudi mara mbili.

Mfanyakazi mwenzangu alikuwa mmoja, Mzee Kashindi, mvuta mnyororo. Mnyororo ndio tuliopimia urefu siku hizo, na mtu aliyeuvuta alitembea kila mpaka kwa miguu yake. Kashindi alikuwa amewavutia mnyororo majeometre watatu. Shule aliisoma miaka miwili. Kila asubuhi nilimwuliza habari za watoto, za mke na za usingizi, na nikaona nimemheshimu vya kutosha. Habari za kazi sikumwuliza.

Jambo moja alinifundisha bila kuulizwa, na ninyi lichukueni. Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi: upana wa ngumi hiyo machoni pako ni kama digrii kumi. Kutoka upeo wa ziwa hadi utosini ni ngumi tisa. Ukihesabu kumi na moja, mkono wako ni mrefu au umekosea kuhesabu. Kashindi alipima milima ya nyuma ya mji kwa namna hiyo huku akisubiri chai, na mimi nilimtazama kama mtu anayetazama mchezo wa watoto.

Siku moja nilirudi kutoka posta nikamkuta mwanamke kwenye kiti changu, anajizungusha taratibu, uso hauna habari. Alikuwa Mama Butoyi wa Nyakabere, mjane. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Hakuinuka.

"Nguzo iko mbili," aliniambia. "Kona iko moja. Sasa weye soma kartasi, uniambie ni ipi ya uongo."

Nilimwomba anieleze polepole, nami nikaandika. Shamba lake la mpunga lilikuwa na kona tano. Wakati wa Wabelgiji kila kona iliwekwa nguzo fupi ya saruji, na kwenye ramani zilipewa herufi A hadi E. Katika kona E, karibu na mdomo wa mfereji unaoleta maji, sasa zilisimama nguzo mbili zinazofanana kama mapacha. Ukifuata iliyo mbali na kona D, mdomo wa mfereji uko kwake. Ukifuata ya karibu, mdomo uko kwa jirani yake, Ruvugo, na mpunga bila maji ni majani tu. Ruvugo alisema ya karibu ndiyo ya kweli.

Kupata nguzo ya pili hakukuwa kazi. Jeometre alipoondoka, nguzo za akiba zilibaki zimerundikwa kando ya barabara, na kila mtu alichukua alivyotaka. Kiringye kulikuwa na mama aliyepikia juu ya tatu, na alisema hazipasuki.

Mtasema, si mngepima tu kutoka kona ya jirani? Aliyesimamisha nguzo ya uongo alijua kazi. Zote mbili zilikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooka kutoka nguzo D. Ukisimama D, pembe ni ileile ukitazama hii au ile. Upande wa pili kulikuwa na nguzo A, lakini mto uliokuwa umefurika ulikuwa umekula ukingo na kuiacha katikati ya maji yaendayo kasi. Unaiona, hufiki. Kwa hiyo iliyobaki ni pembe ya E yenyewe. Ukijua ramani iliandika digrii ngapi, unasimama kwenye kila nguzo, unatazama D, unatazama A, unapima, na nguzo ya uongo inajitaja.

Nilifungua kabati. Ramani za zamani zilikuwa zimebandikwa kwenye kitambaa kwa gundi ya unga wa ngano, na mende wa ofisi yetu walikuwa wameipenda gundi hiyo kuliko sisi tulivyoipenda kazi. Mchoro wa shamba lote ulikuwa umeliwa. Ilibaki orodha ya pembeni: A 98, B 112, C 226, D 105. Mstari wa E ulikuwa tundu. Urefu wa pande nao ulikuwa umekwenda na gundi.

Sikutishika. Hilo lilikuwa swali la darasani. Umbo la kona tano hukatwa katika pembetatu tatu, na kila pembetatu ina digrii mia na themanini, jumla mia tano na arobaini. Jumlisha nne unazozijua, toa kutoka hapo, umebaki na ya tano. Nilimwambia Mama Butoyi arudi baada ya siku tatu, ingawa niliamini dakika tatu zinatosha.

Nikajumlisha. Nikapata mia tano arobaini na moja.

Pembe ya tano ilikuwa toa moja.

Nilihesabu tena kutoka chini kwenda juu. Nikachonga kalamu. Toa moja. Ile 226 ya C haikunishtua, maana shamba linaweza kuwa na kona inayoingia ndani kama umbo la kiwiko, na darasani tulikuwa tumezichora. Nikachora mashamba saba yenye kiwiko. Hakuna lililofunga. Siku ya pili nilifikiria umbo la dunia, maana kwenye uso wa tufe jumla ya pembe huzidi. Nilikokotoa nikakuta kwamba, ili kona ya E iwe ya kawaida, shamba la Mama Butoyi lingepaswa kuwa kubwa kuliko Afrika mbili. Niliandika jambo hilo kwenye daftari kisha nikalifuta, nikiogopa Ruvugo asilione. Siku ya tatu nilifikiria kwamba labda mimi si mpimaji.

Ningeweza kwenda Nyakabere kwa baiskeli kutazama. Sikwenda. Nilikuwa na diploma.

Muda wote huo Mzee Kashindi alikaa mlangoni akipaka mnyororo mafuta. Mara mbili alinitazama. Mara mbili nilimwuliza habari za watoto.

Mama Butoyi aliporudi nilimwambia ukweli, kwa sababu kusema uongo nilikuwa sijui. Nilimwambia kwamba kwa mujibu wa karatasi pembe yake ya tano ni toa moja. Alifikiri.

"Hiyo toa moja," alisema, "iko upande gani wa mto?"

Niliigeuza karatasi nikaitazama nyuma. Aliondoka, na njiani alimweleza kila aliyemsalimia. Walionisimulia baadaye walisema Ruvugo alicheka hadi akakaa chini. Kufika Jumapili alikuwa amenibatiza, na kanisa zima la Nyakabere lilitoka likilijua jina langu jipya. Shamba la pembe toa moja, jeometre Toa-Moja. Watoto waliliimba wakichota maji.

Jina hilo lilinifikia ofisini siku iliyofuata, na nadhani lilimtia Kashindi huruma. Aliweka mnyororo chini.

"Hiyo C unaihesabu vibaya," alisema.

Nilimwuliza anajuaje.

"Minye nilikuwa pale."

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Weye ulikuwa unaulizaka kartasi."

Halafu alinisimamisha katikati ya ofisi na kunifundisha nilichokuwa sijafundishwa na mtu yeyote. Darubini ya kupimia, alisema, ina macho mbele na makalio nyuma. Ikitazama shamba, makalio ya mpimaji yako nje. Inapozunguka kutoka nguzo hii hadi ile kupitia ndani ya shamba, mpimaji anazunguka kwa nje, kinyumenyume. Katika kona zote za uwanda wa Ruzizi walipima hivyo, pembe ya ndani. Lakini kule C, nje kidogo ya nguzo, upande wa Ruvugo, kulikuwa na kaburi la baba yake Ruvugo. Ruvugo, kijana wakati huo, alikuja na kumkataza jeometre kukanyaga pale na kumgeuzia baba yake makalio. Jeometre alinuna, kisha akakubali. Aliingia na kusimama ndani ya shamba, akazungusha darubini kwa upande wa nje, akaandika alichokisoma. Alikusudia kukibadili jioni. Jioni alikuwa na homa.

Kwa hiyo 226 haikuwa pembe ya shamba. Ilikuwa pembe ya dunia nzima iliyobaki nje yake. Mzunguko mzima ni mia tatu na sitini, ukitoa 226 unabaki na 134. Nikajumlisha upya, nikatoa. Pembe ya E ilikuwa tisini na moja.

Niliiandika kwenye karatasi safi, nikapanga Alhamisi twende na darubini. Jumanne waasi waliingia Uvira.

Yaliyotokea katika miezi ile wengine wameyaeleza vizuri kuliko ninavyoweza. Mimi nilikimbilia milimani na mama yangu, na kila niliposimama nilijiuliza kama nilifunga mlango wa ofisi. Niliporudi nilikuta halikuwa swali. Mlango haukuwepo, wala paa, wala kabati, wala darubini. Kiti kinachozunguka kilikuwepo, chuma tupu, na bado kilizunguka.

Mzee Kashindi hakurudi. Watu wa familia yake walisema aliondoka kwa mtumbwi kuelekea kusini. Sina zaidi ya hapo.

Mama Butoyi alirudi kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi alikokimbilia, akiwa amekonda, akakuta Ruvugo amelima hadi nguzo ya karibu na kuufunga mdomo wa mfereji kwa udongo. Chifu aliita watu. Wakati wa kupanda ulikuwa umefika, na alisema jambo hilo liishe siku hiyohiyo. Asiye na ushahidi afuate nguzo inayolimwa sasa. Mama Butoyi alinitumia ujumbe wa maneno mawili: leta kartasi.

Nilikuwa sina karatasi. Njia nzima kwenye baiskeli nilijaribu kukumbuka orodha ile. A ilikuwa 98 au 89? D ilikuwa 105 au 115? Kila nilipokazania tarakimu moja, nyingine ilihama. Nilijua jibu ni tisini na moja, lakini kama Ruvugo angeniuliza limetoka wapi, ningesema limetoka kichwani mwangu, na kichwa changu Nyakabere nzima ilikuwa inakijua. Nilisimama kwenye shule ya msingi nikamwomba mwalimu raporta kubwa ya mbao, ile ya kupimia pembe ubaoni. Ilikuwa imenusurika kwa sababu hakuna mtu, kati ya wote waliopita, aliyeweza kufikiria ifanye kazi gani.

Watu walikuwa wamekaa kwenye tuta la mfereji. Niliposhuka kwenye baiskeli nikasikia, "Toa-Moja amefika," na kicheko kikapita kama upepo kwenye mpunga. Ruvugo alicheka kuliko wote. Na mimi nilisimama pale, raporta kwapani, nikasikia kile nilichokuwa nakitafuta njia nzima.

Nilimwomba chifu ruhusa ya kumwuliza Ruvugo maswali mawili.

"Baba Ruvugo, hili jina langu nani alinipa?"

"Minye," alisema, bila aibu.

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu weye mwenyewe ulisema kartasi ya Mbelgiji ilitoa kona ya toa moja. Nani hapa hajui?"

Hakuna aliyekuwa hajui. Chifu mwenyewe aliitikia kwa kichwa. Ofisi ilikuwa imeungua pamoja na kila namba iliyoandikwa humo, lakini namba moja ilikuwa imetunzwa na kijiji kizima, ikaimbwa na watoto, ikavuka Ruzizi na wakimbizi na kurudi nao salama. Orodha sikuihitaji. Nilihitaji jumla yake tu, na jumla yake ilikuwa ndiyo jina langu.

Kwa swali la pili niliwaomba wote watembee hadi nguzo C. Nilisimama kando ya kaburi, si juu yake.

"Siku jeometre alipopima kona hii," niliuliza, "alisimama wapi? Ndani ya shamba, au nje, hapa?"

Ruvugo alitazama kaburi la baba yake. Hakuwa mjinga. Sidhani alijua hesabu, lakini alinitazama na kuona kwamba nimekuja hadi pale kwa ajili ya jibu moja na si jingine. Akisema nje, mimi sina kitu, na mfereji ni wake. Lakini kusema nje ni kusema, mbele ya kaka zake na watoto wake, kwamba mgeni alizunguka juu ya baba yake akimgeuzia makalio, na yeye Ruvugo akatazama. Kaka yake mkubwa alikuwa amesimama karibu nami. Aligeuza shingo akamtazama mdogo wake, akingoja kama sisi wengine.

Mama Butoyi alianza kung'oa majani yaliyoota kando ya kaburi, ya kwanza, ya pili, kama mtu aliye kwake.

"Ndani," Ruvugo alisema mwishoni. "Nilimukataza. Alisimama ndani."

Nililaza raporta kwenye nguzo C, nikavuta kamba kwenda B na kwenda D. Ndani, mia thelathini na nne. Nje, basi, mia mbili ishirini na sita. Niliwaeleza wote, polepole, na ninyi nawaeleza vilevile: jeometre alipaswa kuandika 134, akaandika 226. Alizidisha tisini na mbili. Ile tisini na mbili iliibwa kutoka kona ya mwisho, ndiyo maana ikabaki chini ya sifuri. Irudishieni. Toa moja, ongeza tisini na mbili.

Chifu alihesabu kwa vidole, akaacha, akamtazama mwalimu. Mwalimu alisema tisini na moja.

Tulirudi kwenye mfereji. Kwenye nguzo ya karibu kamba mbili, moja ikivutwa hadi D na nyingine ikilengwa kwa jicho kwenye A, zilifungua digrii mia na kumi na nane. Kwenye ya mbali, tisini na moja, na hapo niliwaita kaka zake Ruvugo wasome wenyewe, mmoja baada ya mwingine, ingawa mmoja aliisoma raporta ikiwa juu chini. Tofauti ya ishirini na saba, kama mnafuatilia, ndiyo pembe ya kipande kilichochukuliwa, kule kwenye nguzo A katikati ya mto. Pembe ya mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusimama. Niliipata bila kulowesha miguu, na sikumwambia mtu, kwa kuwa nilianza kuihesabu tena kuhakikisha.

Ruvugo alisogea mbele. Alikumbatia ile nguzo ya karibu, akaitikisa kama jino, akaing'oa na kuilaza kwenye nyasi. Mama Butoyi aliipiga teke kidogo kuona uzito.

"Hii ninachukua," alisema. "Uko na zingine mbili? Mafiga ni matatu."

Akazipata. Ziko kwa mjukuu wake hadi leo, na hazijapasuka.

Kwa hiyo vijana, mkikutana na pembe isiyojulikana, jumlisheni kama mlivyofundishwa, na jibu likiwa la ajabu msilifiche wala msilirekebishe kidogo ili lipendeze. Lisemeni kwa sauti, hata wakicheka. Mimi jibu zuri niliandika kwenye karatasi safi, likaungua. Jibu la aibu walinitunzia wengine. Na kabla ya kurudia hesabu mara ya pili, nendeni mlangoni mkamwulize anayepaka mnyororo mafuta. Mimi nilimwuliza Kashindi habari za watoto wake kila siku kwa miaka. Walikuwa sita, na majina yao nayajua yote. Namna nyingine alizojua za kusimama, sikuziuliza.